Negativu za nyeusi-nyeupe zinatoka vibaya kwenye skana? Anzia hapa kabla hujaitupia mashine lawama

Kabla hujagusa chochote kwenye programu fanya jaribio hili moja. Toa negativu, izungushe kichwa kiende miguuni, iskani tena palepale, halafu fungua mafaili yote mawili uyalinganishe. Doa likihama pamoja na picha basi liko kwenye filamu. Likibaki kona ileile wakati picha imegeuka, hilo ni la kioo, au la taa, au liko ndani ya mashine. Likipotea kabisa lilikuwa vumbi tu na limeshadondoka. Ni dakika chache lakini zinakuokolea jioni nzima, maana watu wanahangaika na kontrasti mpaka usiku wa manane kumbe ni alama ya kidole kwenye kioo.

Nazungumzia filamu ya kawaida ya fedha (madini ya fedha, siyo pesa), yaani HP5, FP4, Tri-X na ile mikanda ya studio za zamani ambayo wengi tumeikuta kwenye masanduku ya wazee. Mashine iwe ni skana ya mezani yenye taa kwenye mfuniko (Epson V600, V700, V850, CanoScan 9000F na wenzao), au kamera na taa ya LED, au hata simu.

Faili limetoka jeusi tii, filamu inaonekana kivuli tu

Uwezekano mkubwa unatumia skana ya ofisini, ile ya kwenye printa inayotoa kopi. Hiyo haiwezi, wala usiigombeze. Mwanga wake unatoka chini, unagonga karatasi, unarudi, na negativu inataka mwanga upite ndani yake. Chukua kamera au simu na taa, yaani mwanga unatoka nyuma ya filamu na wewe unaipiga picha, matatizo ya njia hiyo nayataja huko chini.

Kama mfuniko una taa na bado ni giza, angalia lile bamba jeupe la kukandamizia karatasi ndani ya mfuniko, linachomoka, lichomoe, halafu kwenye programu chagua filamu badala ya karatasi. Kitu kingine ni ule uwazi ulio juu ya holda (kile kishikio cha filamu) ambao hauwekwi filamu. Pale ndipo mashine inapojipima mwanga kabla haijaanza kazi, ukipaziba au pakiwa pachafu inajipima vibaya na kila kinachofuata kinakuwa vurugu, mara mistari, mara giza, mara rangi za ajabu.

Vidoti, nywele na vinyuzi

Angalia rangi ya doa kwanza. Kwenye picha ambayo umeshaigeuza kuwa ya kawaida, doa jeupe maana yake kuna kitu kimezuia mwanga: vumbi, unywele, tone la maji lililokauka. Doa jeusi ni kinyume chake, mwanga umepita kupita kiasi kwa sababu fedha haipo pale, yaani emulsheni (ule utando unaobeba picha) ina tundu au imekwanguka. Jeupe linasafishika. Jeusi hata ukeshe unafuta halitoki, hilo utaliziba kwenye kompyuta. Na ukiona unywele mweusi umechungulia ukingoni mwa fremu, mahali palepale fremu baada ya fremu, huo ulikuwa ndani ya kamera siku picha inapigwa, usiutafute kwenye skana.

Sasa vumbi lenyewe. Huku kwetu Mwanza, kando ya Ziwa Victoria, lina misimu yake, kuanzia Juni hivi mpaka mvua za vuli zianze ardhi imekauka, na kama unakaa karibu na barabara isiyo na lami, iwe Buhongwa au Igoma au Kishiri, kioo unakifuta ukienda kunywa chai ukirudi unaweza kuandika jina lako juu yake. Piga deki kwanza, anza kazi sakafu ikiwa bado na unyevu, funga madirisha, na zima pangaboi. Hili la pangaboi watu hawalipendi kwa sababu ya joto lakini ndilo linalokurushia vumbi lote lililolala juu ya kabati. Usivae sweta.

Ukisema ufanye usiku kuepuka vumbi la barabarani, usiku nao una mtihani wake, wale wadudu wadogo wa ziwani. Wakitoka kwa wingi wanafuata mwanga wowote, na wewe umezima taa za chumba ili paneli ya LED iwake peke yake, kwa hiyo wote wanakuja pale. Unakuta mmoja kajilaza katikati ya fremu na bawa lake limetoka shapu, kila mshipa unauona, kuliko hata sura ya bibi harusi. Mimi asubuhi mapema ndio naona panafaa, kabla bodaboda hazijaanza kupita na wadudu wameshalala.

Kupulizia tumia pampu ya mpira, hata ile ya duka la dawa ya kunyonya kamasi za mtoto mchanga inafanya kazi vizuri ikiwa mpya. Usipulize kwa mdomo, mate yanaruka na yakikauka ni doa jingine. Usipeleke kwenye kompresa ya gereji, upepo ule unakuja na maji na oili. Pamba pia hapana, najua tuko kanda ya pamba lakini inaacha nyuzi. Alama za vidole na mafuta zinatoka kwa isopropanoli ya asilimia 99, mafundi simu wanayo, unalowesha kidogo kitambaa laini cha miwani unafuta kwa kwenda upande mmoja bila kusugua. Ile spiriti ya rangi usiiguse, inaacha utando.

Halafu kuna hili linawachanganya wengi: umewasha kile kipengele cha kuondoa vumbi, Digital ICE au chochote kinachotumia mwanga wa infraredi, na picha imetoka imelainika kwa mabaka, kingo za nyuso zimeliwa, nywele zimekuwa uji. Zima. Kipengele kile kinategemea filamu iwe inapitisha infraredi ili kinachozuia kihesabiwe kuwa ni vumbi. Filamu ya rangi inapitisha. Filamu yako imetengenezwa kwa fedha na fedha inazuia, kwa hiyo mashine inaiona picha yenyewe kama uchafu na inaanza kuifuta. Isipokuwa kama ukingoni imeandikwa XP2 au BW400CN, hizo zinaoshwa kwa dawa za rangi na fedha yote huondolewa, hapo washa bila wasiwasi.

Mistari

Mstari mwembamba unaokwenda sambamba na urefu wa filamu na kuvuka kutoka fremu hii mpaka ile bila kukatika pale katikati ni mkwaruzo. Umeletwa na chembe ya mchanga kwenye kamera, au kwenye mdomo wa kopo la filamu, au mtu alikamua maji kwa vidole wakati wa kuosha. Ukiwa upande unaong'aa hutoka mweupe kwenye picha, ukiwa upande wa emulsheni na fedha imeondoka hutoka mweusi. Ule wa upande unaong'aa unapungua ukitumia mwanga uliotawanyika zaidi, weka plastiki nyeupe ya maziwa kati ya taa na filamu. Mafundi wa chumba cha giza wa zamani walikuwa wanapaka mafuta ya pembeni ya pua zao juu ya mkwaruzo, cheka lakini inasaidia kweli, mafuta yanajaza ule mfereji na mwanga hautawanyiki tena. Ila baadaye lazima usafishe.

Mstari unaofuata mwendo wa taa ya skana na hauhami hata ukihamisha filamu ni uchafu kwenye eneo la kujipimia nililolitaja. Futa kioo chote, usiishie pale filamu inapokaa.

Mistari mipana ya giza na mwanga ukipiga kwa kamera au simu, hiyo ni LED inapepesa. Macho hayaoni lakini shata inaona. Taa nyingi ukizipunguzia mwanga ndio zinapepesa zaidi, kwa hiyo iache kwenye mwanga wake wote, punguza kasi ya shata mpaka 1/30 au hata 1/8, na kama kamera ina shata ya kielektroniki izime utumie ya kawaida. Taa inayotumia umeme wa ukutani bila drayva nzuri (kile kifaa cha kutuliza umeme wa taa) inapepesa mara 100 kwa sekunde kwa sababu umeme wetu ni wa hezi 50, ile ya kuchaji au ya pawabenki kwa kawaida inatulia zaidi. Na usidanganyike kununua LED ya bei mbaya yenye sifa ya rangi sahihi, kwa nyeusi-nyeupe rangi ya taa haina maana kubwa, unachotaka ni mwanga uliosambaa sawasawa.

Kama taa yako ni kioo cha simu nyingine au tableti, utaona vimiraba vidogo vidogo picha nzima. Ni pikseli za kioo. Inua filamu juu sentimita 3 hadi 5 na uweke plastiki ile ya maziwa katikati, vinapotea.

Miduara inayofuatana, kama mafuta ya boti yaliyomwagika majini

Hizi ni pete za Newton. Upande unaong'aa wa filamu umegusana na kioo, na ule mwanya mdogo sana kati yao ndio unachora. Usifute, hakuna uchafu hapo. Tumia holda inayoinua filamu isiguse kioo, na kama filamu imejikunja ilaze ndani ya bahasha yake chini ya vitabu vizito siku kadhaa kwanza. Ukikosa njia kabisa, igeuze upande wa emulsheni, ule uliofifia usiong'aa, ndio uelekee kioo, halafu kwenye kompyuta uigeuze picha kulia-kushoto.

Picha haiko shapu

Hapa kwanza jiulize picha yenyewe ilikuwa shapu? Kuza mpaka uone chengachenga za filamu. Chenga zikiwa kali na sura ina ukungu, mpiga picha alikosa fokasi siku ile na hakuna skana itakayorudisha. Chenga zenyewe zikiwa zimelainika, hapo tatizo ni lako.

Skana nyingi za mezani hazina fokasi ya kurekebisha, zimetegwa zione kitu kilichoinuliwa milimita chache juu ya kioo, na hiyo inatofautiana mashine na mashine hata za aina moja. Kata vipande vya kadi ya vocha, weka kimoja kila mguu wa holda, skani, ongeza kingine, skani, linganisha maandishi ya ukingoni mwa filamu mpaka upate kimo chako. V850 ina miguu ya kurekebisha, V600 ndio utahangaika na kadi. V700 na V850 zina lenzi mbili, moja ya holda moja ya kioo, kwa hiyo ukichagua kwenye programu eneo la filamu la kulaza kwenye kioo wakati umetumia holda, utapata ukungu na kadi zako hazitasaidia. Na usiamini namba ya 6400 iliyoandikwa kwenye boksi, uwezo halisi uko chini sana ya hapo, juu ya 2400 hadi 3200 unajaza diski tu.

Kwa kamera, soma kona. Upande mmoja umefifia na wa pili uko shapu, kamera imeinama. Weka kioo kidogo cha kujitazamia pale filamu inapokaa, angalia kwenye skrini mpaka lenzi ijione yenyewe katikati kabisa, hapo imenyooka. Kona zote nne zimefifia na katikati pako sawa, ni filamu imebinuka au lenzi, jaribu kuweka tundu la lenzi f/8. Ukiifunga mpaka f/22 ukidhani unaongeza ukali unaupunguza. Picha nzima imefifia kidogo, ni mtikisiko: tumia taima ya sekunde 10 na usiweke stendi juu ya meza moja na feni. Nyumba zilizo kandokando ya barabara ya Nyerere lori likipita hata glasi inatetemeka, subiri lipite.

Picha ni kijivu tupu, au nyeusi imezama haina kitu

Kosa la kawaida ni fremu ya kuskani kuchukua na matundu ya pembeni au kingo za holda. Yale matundu ni mwanga mtupu na holda ni giza tupu, sasa mashine ikijiseti yenyewe inajinyoosha kati ya vitu hivyo viwili, na picha yako inabaki imebanwa katikati, kijivu. Kata ndani ya fremu kidogo ndipo uiruhusu ipime. Chagua kijivu cha biti 16, zima kunoa na zima marekebisho yote ya otomatiki, histogramu (ule mchoro wa giza na mwanga) isigonge ukuta upande wowote. Ikitoka imepooza ni sawa, kontrasti utaiongeza mwenyewe kwenye programu kama GIMP au darktable. Kilichokatwa wakati wa kuskani ndicho hakirudi.

Ikiwa hata hivyo haikubali, rudi kwenye negativu yenyewe na uisome juu ya dirisha. Mama mmoja wa Kirumba alileta bahasha ya harusi yake akaniuliza, "Mwanangu, mbona wote tumezama kizani, hata macho hatuna?" Ukiishika ile negativu dhidi ya mwanga, suti ya bwana harusi ni uwazi mtupu, unasoma gazeti kupitia hapo, lakini herufi na namba za ukingoni ni nyeusi, nzito, zimeiva. Zile herufi hupigwa mwanga kiwandani. Zikiwa zimeiva na picha ni nyepesi, uoshaji ulikuwa mzuri na tatizo ni mwanga mdogo wakati wa kupiga, nikamwambia, "Mama, suti haimo humu, ila gauni na nyuso nitakutolea." Herufi zenyewe zikiwa zimefifia, filamu haikuiva kwenye dawa, na hiyo mara nyingi ina vitu vingi vimejificha humo, ongeza kontrasti taratibu utashangaa.

Negativu nzito, nyeusi sana, unahitaji kuongeza mwanga wa skana au muda wa shata, usiongeze ISO. Yenye utando wa maziwa haikukaa vya kutosha kwenye fiksa (ile dawa ya mwisho inayotuliza picha), inaweza kurudishwa kwenye fiksa mpya na kuoshwa vizuri. Rangi ya zambarau iliyobaki kwenye Tri-X usijali, skani kijivu.

Kwa kamera, picha iliyopooza inaweza kuwa mwanga wa pembeni tu. Kata kadi nyeusi izibe taa yote isipokuwa dirisha la fremu, zima balbu ya chumba, utaona weusi unarudi.

Nyuzi zenye matawi, mabaka, harufu

Ni fangasi, na sisi wa kando ya ziwa tunawajua. Inamisha filamu mwanga uipige kwa ubavu, utaona utando umetambaa juu ya emulsheni, mahali pengine umechimba. Hapa sikiliza vizuri: usiioshe kwa maji. Fangasi wanakula jelatini ya emulsheni na sehemu waliyoila inayeyuka kwenye maji, unaweza kuinua filamu ukaacha picha kwenye beseni. Futa upande unaong'aa tu kwa isopropanoli, upande mwingine pulizia, skani kama ilivyo. Zilizogandana usizivute kwa nguvu.

Ukifungua boksi ukakutana na harufu ya siki, ile ni asetati, yaani plastiki ya filamu yenyewe, inaoza. Itenge na nyingine leo hiihii, na iwe ya kwanza kuskaniwa maana itaendelea kujikunja mpaka haitalala tena. Filamu ya kabla ya miaka ya 1950 yenye neno NITRATE ukingoni inashika moto kwa urahisi sana, iweke mbali na joto, na usiilaze juu ya taa inayochemka.

Kingo zikiwa na mng'ao wa buluu kama chuma, ni fedha imepanda juu. Skana inaiona kidogo tu, endelea.

Kila mtu anatumia mkono wa kushoto

Umeskani upande usio wake. Tafuta maandishi: jina la kanga, kibao cha duka, ubavu wa meli. Yakisomeka kinyume igeuze kulia-kushoto, basi.

Mashine imekatika katikati, au kompyuta haiioni

Umeme ukishuka hata sekunde moja laptopu inaendelea na betri lakini skana inazima, na ukirudi unaweza kukuta nusu picha. UPS ndogo inatosha. Kompyuta isipoiona jaribu waya mwingine, chomeka moja kwa moja bila habu, na angalia ile loki ya usafirishaji kama mashine imetoka kununuliwa mtumba. Drayva ya zamani (programu ya kuendesha skana) isipokubali Windows mpya, jaribu programu ya VueScan, inazijua skana nyingi za kale. Na V700 ina taa ya kizamani inayohitaji kupasha moto, picha za kwanza zikiwa na mwanga tofauti na zinazofuata ipe muda.

Kwangu ilikuwa nzuri, kwa shangazi imefika mbovu

Umetuma WhatsApp kama picha, ikabanwa. Fremu ya milimita 35 kwa dpi 2400 ni pikseli kama 3400 kwa 2270, TIFF ya kijivu biti 16 inakula MB 15 hivi, hiyo ibaki kwako kama kumbukumbu. Toa JPEG ya ubora wa juu uitume kama dokumenti. Akienda kuisafisha studio apeleke kwa flashi, na amwambie mwenye mashine azime marekebisho ya otomatiki, la sivyo picha ya nyeusi-nyeupe ikichapwa kwenye karatasi ya picha za rangi itarudi na ukijani au uzambarau.